Nyeusi ya Honda, Nyeusi ya Yamaha

Mvua ya Kisii haibishi hodi. Huja alasiri, jua likiwa bado limeshika ng'ambo moja ya bonde, na kabla mchuuzi wa ndizi pale Daraja Mbili hajafunika bidhaa yake, matone yamekwisha kugeuka mifereji. Vilima vya Kisii na Nyamira hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, wala havina kiangazi cha kutajika: masika yakiondoka manyunyu hubaki, na manyunyu yakichoka vuli huingia. Ndiyo sababu chai ya Kebirigo na Nyansiongo huchumwa mwaka mzima. Ndiyo sababu pia pikipiki huzeeka upesi huku, na uzee wake hauanzii kwenye injini wala kwenye tairi, bali kwenye nyaya.

Uzee huo una hila. Injini ikiugua hupiga kelele, na tairi likiisha hata mtoto huliona. Waya huoza kimya kimya ndani ya ngozi yake ya plastiki, nje uking'aa kama ulivyotoka kiwandani, ndani shaba imekwisha kuwa unga wa kijani. Mwenye chombo huambiwa habari hiyo usiku, tena mteremkoni.

Kabla ya mwaka 2008 pikipiki haikuwa chombo cha kila mtu katika vilima hivi. Ilikuwa ya afisa wa mifugo, ya katekista, ya mwalimu mkuu, au ya bwana shamba aliyezunguka kukagua pareto na kahawa. Mwaka huo serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zilizo chini ya sisi 250, steji zilifurika vyombo vipya kutoka India na China, na neno bodaboda, lililozaliwa kwa waendesha baiskeli wa mpaka wa Kenya na Uganda kule Busia, likawa jina la kazi ya vijana wasio na idadi. Zile pikipiki za zamani hazikufa. Zilisukumwa nyuma ya nyumba, zikafunikwa magunia, kuku wakatagia juu yake, zikingoja siku ambayo haja itashinda aibu.

Honda moja ya sisi 125, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilingoja hivyo kwa miaka miwili katika boma la mwalimu mstaafu karibu na Keroka, mji unaokaliwa na kaunti zote mbili, mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Kilichoipeleka ghalani ni usiku mmoja wa mvua. Mwalimu alikuwa akitoka matangani upande wa Manga, mkewe nyuma yake, taa ya mbele ilipozimika ghafla kama mshumaa uliopulizwa. Injini haikuzimika. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana chombo kinachozima kila kitu kwa pamoja humlazimisha dereva kusimama, ilhali chombo kinachozima taa na kubakiza mwendo humwacha katikati ya giza akiwa bado safarini. Waliikosa kona. Wakaangukia michai, na michai ikawapokea vizuri kuliko ambavyo mtaro ungewapokea. Mama alivunjika kifundo cha mkono.

Sasa kitinda mimba wao alikuwa amemaliza kidato cha nne, karo ya chuo cha ufundi haijapatikana, na njia pekee iliyokuwa uani ni ile Honda. Kijana alitaka kubeba abiria kati ya Keroka na Nyamira, mchana na usiku, hadi muhula wa kwanza ulipiwe. Mwalimu aliridhia. Mama hakukataa, bali aliweka sharti: asubuhi fundi atengeneze apendavyo, jioni yeye mwenyewe ataimwagia taa ile maji, na ikizimika kijana hatoki nayo langoni.

Fundi alikuja na mwanagenzi wake, mvulana wa Mumias aliyejifunzia kazi kwao kabla ya kuhamia Kisii. Walipong'oa tangi na kiti, walikutana na kitu ambacho kwa mbali kingedhaniwa kiota cha ndege. Kwa hakika ilikuwa historia. Palikuwa na waya wa redio uliounganisha taa ya breki. Palikuwa na kipande cha waya wa nyumbani, mnene na mgumu, uliopeleka moto kwenye honi. Palikuwa na viungo visivyopungua kumi na vinne vilivyosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa karatasi ya nailoni ya sukari, na juu ya yote utepe mweusi ambao gundi yake ilikuwa imeyeyuka ikawa kama ulimbo. Kila tendo kati ya hayo lilikuwa na busara yake siku lilipotendwa. Mtu alikwama Sotik usiku akatumia alichokuwa nacho mfukoni, nani angemlaumu? Kosa halikuwa katika kuunga, lilikuwa katika kuunga bila kumwachia neno atakayefuata.

"Mwalimu," fundi alisema akichomoa waya mmoja taratibu kama mtu anayetoa mwiba, "nyaya hizi zimeandikwa na watu kumi, na hakuna aliyesoma ya mwenzake."

Mwalimu, aliyesahihisha insha kwa miaka zaidi ya thelathini, alilielewa tatizo mara moja.

Hapa inafaa kueleza jinsi umeme wa chombo kama hicho unavyopita, kwa sababu wengi hudhani ni mto mmoja utokao kwenye betri. Ni mito mitatu. Wa kwanza hutoka kwenye koili yake ndani ya injini hadi kwenye plagi, na ndio unaowasha petroli. Huo hauna haja na betri. Wa pili hutoka kwenye koili nyingine mle mle ndani hadi taa kubwa, na nguvu yake hupanda na kushuka kwa kadiri injini inavyozunguka. Wa tatu hupitia rektifaya, ukaingia kwenye betri, kisha ukagawanyika kwenda kwenye indiketa, taa ya breki na honi. Si pikipiki zote zilizojengwa hivyo, lakini nyingi ndogo za zama zile ndivyo zilivyokuwa, na mpango huo una kinaya chake: mtu akipanda mlima na kukaza mafuta, taa humulika hadi juu ya mikalitusi, ilhali akiteremka na kulegeza, wakati ambao anahitaji kuona, taa hufifia. Waendeshaji wa zamani wa miteremko ya Manga huteremka kwa gia ndogo, injini ikiguta, na wageni hudhani ni mbwembwe.

Mto wa pili ndio uliokatika usiku ule. Fundi aliufuata kwa mkono, sentimita kwa sentimita, hadi kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapogeuka. Waya ulikuwa mzima kwa macho. Alipoukunja kidogo, ukakunjika kama uzi mtupu: ndani ya plastiki shaba ilikuwa imekatika, ncha mbili zikigusana usukani ukinyooka na kuachana ukipindwa. Miaka arobaini ya kukata kona ilikuwa imeuchosha mahali pamoja, kwa kuwa mtu fulani, kwa nia njema ya kupendezesha, aliubana kwa nguvu kwenye fremu asiuachie nafasi ya kucheza. Unadhifu wa namna hiyo ni adui. Nyaya za shingoni hutakiwa zilegee, zipinde na kunyooka pamoja na usukani, mfano wa kamba ya mbuzi aliyefungiwa majanini.

Kukatika, hata hivyo, ndio mwisho wa maradhi. Maradhi yenyewe ni ule unga wa kijani. Maji ya mvua yakiingia kwenye kiungo, shaba huanza kuliwa, na kile kinachobaki hupitisha umeme kwa shingo upande. Vitabu vya shule huita hali hiyo ukinzani. Fundi husema moto haufiki. Tuchukue taa ya wati 35 kwenye chombo cha volti 12. Kutu ikileta ukinzani wa nusu omu tu katika njia yake, volti moja na ushei hupotelea njiani, na kwa kuwa nuru ya taa ya uzi hupungua haraka kuliko volti zinavyopungua, takriban theluthi ya mwanga hupotea. Pikipiki za volti 6, na Honda ile ilikuwa mojawapo, huumia zaidi: kwa wati zile zile mkondo huwa maradufu na volti za kupoteza ni nusu, hivyo uchafu ule ule huziumiza karibu mara nne. Mwenye chombo hununua balbu mpya, kisha nyingine, akilaani wenye maduka ya Kisii mjini kwa kuuza bidhaa hafifu, wakati hasara yote imo katika kiungo kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Kazi ilianza kwa kufungua betri, upande hasi kwanza. Kisha mwalimu aliombwa daftari. Fundi hakutaka kukata waya hata mmoja kabla ya kila mmoja kuandikwa ulikotoka na unakokwenda. Ni katika kuandika huko ambapo jambo la kuwafaa wanafunzi wa lugha lilijitokeza.

Asubuhi hiyo kijana wa nyumbani alikuwa ameita kutoka uani, "Baba, kuna maji ya moto?" Aliyeitika ni mama yake, jikoni. Mwanagenzi wa Mumias alimtazama mwalimu, akatazama mlango wa jiko, asijue nani kamwita nani. Mwalimu akacheka, akamweleza kwamba katika Ekegusii mama mzazi ndiye huitwa baba, na baba mzazi huitwa tata. Mvulana alikuwa amekaa Kisii miezi mitatu akidhani watu wa huku wanawaita mama zao kwa mzaha.

Saa mbili baadaye mvulana huyo huyo aliona waya mweusi ukining'inia karibu na betri. Kwa fundi wake wa kwanza alikuwa amefanya kazi za Yamaha, na katika Yamaha nyeusi ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye fremu. Akasugua bolti kwa msasa, akaufunga waya kwenye fremu barabara, kazi safi isiyo na dosari. Fundi, asijue, alirudisha betri kidogo ajaribu indiketa, akazungusha ufunguo. Moshi ukafuka. Katika Honda nyeusi si ethi. Nyeusi ndiyo moto wenyewe ukishapita swichi ya ufunguo; ethi ya Honda ni kijani. Na katika Suzuki mambo ni mengine tena: ethi ni nyeusi yenye mstari mweupe, na moto wa baada ya ufunguo ni rangi ya chungwa. Nyekundu peke yake ndiyo iliyokubaliwa na wote watatu, kwamba inatoka kwenye betri moja kwa moja.

Tangu Ferdinand de Saussure wanaisimu wamefundisha kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa kinasibu, na kwamba neno hupata thamani kutokana na nafasi yake miongoni mwa maneno mengine ya lugha moja. Wanafunzi wengi huliandika hilo katika mtihani bila kulihisi. Mvulana wa Mumias alilihisi vidoleni. Nyeusi haina maana yoyote hadi mtu ajue anasoma lugha gani, na mwenye kufasiri waya wa Honda kwa kamusi ya Yamaha hukosea akiwa na ujuzi wake wote kamili. Mwalimu, aliyekuwa anapepea moshi kwa daftari, alisema tu: "Umemwita mama baba, kijana wangu. Huku ni sawa, kwenu ni kosa. Hapa imekuwa kinyume."

Moshi ule ulikuwa na sababu ya pili, na pengine ndiyo iliyostahili hasira ya fundi. Pale ilipopasa kuwa na fyuzi ya ampea 10, palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imeviringwa vizuri. Fyuzi huwekwa ili ife kwanza. Ni uzi mwembamba unaokubali kuungua ili waya mrefu usiungue, nayo bei yake haifiki ya kikombe cha chai. Karatasi ya fedha haifi. Hupitisha shoti yote hadi plastiki ya nyaya iyeyuke na kushikana. Kuna waendeshaji wanaojisifu kwamba pikipiki zao "hazili fyuzi," wasijue kwamba wamemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda polepole, mto mmoja baada ya mwingine. Nyaya zilizooza zilikatwa hadi shaba nyekundu ionekane. Viungo vya lazima vilisokotwa, vikalehemiwa kwa chuma kilichopashwa kwenye jiko la makaa, kisha vikavishwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Fundi hakuruhusu kiungo chochote kukaa shingoni, kwani waya uliolehemiwa huwa mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko huuvunja hapo hapo. Soketi zilisuguliwa na kupakwa grisi kabla ya kufungwa, si baada, maana grisi inayopakwa juu ya kutu huihifadhi kutu. Kijana wa nyumbani alipendekeza ile gundi nyeupe ya madirishani inayonuka siki. Fundi akaikataa: hiyo siki inayonuka ni asidi, nayo hula shaba ile ile inayodaiwa kulindwa.

Mwalimu alistaajabia zaidi namna utepe ulivyozungushwa. Fundi alianza chini, karibu na injini, akapanda kuelekea shingoni, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa chini yake. Ni utaratibu wa mwezekaji: nyasi za nyumba huanzia upenuni na kupanda hadi kileleni, ili tone lianguke kutoka safu moja hadi nyingine bila kupata mlango. Anayeanzia juu hushona mfuko wa kukinga maji. Na mwishoni kabisa, upande wa chini, fundi aliacha utepe wazi, kwa sababu ufundi haumo katika kuzuia maji yote yasiingie, jambo lisilowezekana kwa chombo kilalacho nje Nyamira, bali katika kuyapa yaliyoingia njia ya kutoka. Kwa sababu iyo hiyo kila waya ulioingia kwenye taa au swichi ulipindwa ushuke chini kwanza, kisha upande, ili tone lidondoke kwenye kipindo kabla halijafika mlangoni. Kwenye fremu alifunga kwa blada, vile vipande vya tyubu kuukuu ambavyo hubana bila kukata na hunyumbuka kwenye baridi na kwenye jua.

Inasikitisha kidogo kwamba msamiati huu wote, moto, ethi, shoti, blada, waya kuchoka, huishi nje ya semina za istilahi. Watunzi wa istilahi huketi mbali na gereji, kisha hushangaa mafundi wasipotumia "kihami" na "kipitishi." Si kwamba istilahi hizo ni mbaya. Ila fundi anaposema waya umechoka ametaja sababu, mahali na muda kwa neno moja, na haielekei kamati yoyote ingefika hapo bila kushika waya wenyewe.

Saa kumi na mbili jioni manyunyu yalikuwa yameanza, lakini mama hakuyategemea. Alitoka na jagi. Injini ikiunguruma, akamimina maji juu ya taa, akamimina shingoni, akamwambia mwanawe apinde usukani kushoto, kulia, kushoto tena. Mkono aliomiminia ni ule uliovunjika, nao ulitetemeka kidogo kwa uzito wa jagi. Akaenda kujaza mara ya pili. Akaamuru injini ilegezwe, taa ikafifia, akashtuka. Mwalimu akamweleza kuhusu mito mitatu, akasikiliza hadi mwisho, akamimina la tatu. Taa haikuzimika. Akaomba azungukiwe nyuma aonyeshwe ya breki, kisha indiketa, moja moja, kana kwamba anahesabu watoto baada ya safari.

Honi ndiyo iliyokwama. Ilitoa mkoromo kama wa mzee aliyeamshwa, ikanyamaza, na duka la vipuri lilikuwa limefungwa.

Mwalimu alikuwa amenakili ramani yote kwa wino mweusi, herufi kubwa: KIJANI NI ETHI. NYEKUNDU NI BETRI. NYEUSI NI MOTO BAADA YA UFUNGUO, SI ETHI. FYUZI NI AMPEA 10, WALA SI KARATASI. Akaorodhesha kila kiungo na mahali kilipo, akatia tarehe, akaitia karatasi hiyo ndani ya nailoni na kuichomeka chini ya kiti. Kabla ya kukifunga kiti mkewe aliisoma, akamrudishia kalamu. Mwalimu akaongeza mstari wa mwisho: HONI BADO.